WmiPrvSE inakula asilimia 25 ya prosesa kila nikiunganisha modemu. Nimtafute nani?

taa_ya_kandili (mleta mada)

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kabla sijafuata ushauri wa kupiga Windows upya.

Mashine ni kompyuta mpakato, Windows 10 ya biti 64, Core i3 yenye viini viwili na nafasi nne za kazi, RAM GB 8, diski ya SSD. Intaneti naipata kwa modemu ya USB ya kuweka laini ndani, na naiunganisha kwa programu iliyojisakinisha yenyewe siku ya kwanza nilipoichomeka.

Modemu ikiwa nje, prosesa inakaa asilimia 2 hadi 4. Nikiichomeka na kuunganisha, haipiti dakika moja inafika 30 na haishuki tena, hata kama sijafungua ukurasa wowote. Feni inapiga kelele muda wote. Kwenye Task Manager naona WmiPrvSE.exe iko 24 hadi 25, System interrupts iko 1, programu ya modemu yenyewe ni 2 tu. Nikiiua WmiPrvSE kwa "End task" inatulia kama sekunde tano, kisha inarudi ikiwa na PID (namba ya utambulisho ambayo Windows huipa kila programu inayoendeshwa) mpya. Kufunga dirisha la programu ya modemu kwa alama ya X hakubadilishi kitu.

Nimeshajaribu: kupitisha antivirusi mashine nzima (safi), kubadili tundu la USB, na `netsh winsock reset` ikifuatwa na kuwasha upya. Hali ni ileile. Labda niongeze kwamba kabla ya modemu hii mashine ilitumia ya mtandao mwingine, na programu yake niliiondoa kupitia Control Panel.

Wengine wananiambia nifanye "Network reset". Nasubiri kauli zenu.

---

kipimo_kwanza

Mkuu, usipige Windows upya. Na "Network reset" iache kwanza.

Anza na hiyo 25. Mashine yako ina nafasi nne za kazi (threads), na 100 ukigawa kwa 4 unapata 25. Namba ikiganda hapo bila kupanda wala kushuka, maana yake kuna kazi moja inayozunguka papo hapo bila kupumzika, imejaza nafasi moja na haiwezi kuvuka kwenda nyingine. Mzigo halali wa intaneti hauko hivyo: unapanda ukipakua, unashuka ukiacha. Kwa mwenye nafasi nane, dalili hiyohiyo ataiona kama 12 au 13, na wengi huidharau kwa sababu namba ni ndogo.

Jambo la pili ni kwamba WmiPrvSE ni mjumbe, na mjumbe hauawi. Kazi yake ni kujibu maswali ya programu nyingine kuhusu mashine: kuna vifaa gani, betri ina kiasi gani, modemu imekaa wapi. Haianzi kazi kwa hiari yake. Unapoiua, aliyeuliza anauliza tena, Windows inaamsha nyingine, ndiyo maana unaona PID mpya baada ya sekunde tano. Tunachotafuta ni PID ya anayeuliza, na Windows inaiandika.

Unganisha modemu, acha tatizo liendelee dakika tano. Bonyeza Windows+R, andika `eventvwr.msc`. Upande wa kushoto fungua "Applications and Services Logs", kisha Microsoft, Windows, WMI-Activity, halafu "Operational". Tafuta mistari yenye Event ID 5858. Bofya mmoja usome maelezo ya chini. Humo kuna vitu viwili vya kunakili: `ClientProcessId`, ambayo ni namba ya programu iliyouliza, na `Operation`, ambayo ni swali lenyewe neno kwa neno.

Usizime mashine wala kuchomoa modemu kabla hujaitumia hiyo namba, kwa sababu PID hubadilika. Hapohapo fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike (badala ya 1234 weka namba yako):

`tasklist /svc /fi "PID eq 1234"`

Itakupa jina la faili, na kama ni huduma itakupa jina la huduma. Kisha Task Manager, ukurasa wa "Details", tafuta PID hiyo, bofya kulia, "Open file location". Folda itakayofunguka ndiyo itakuambia ni mali ya nani.

5858 inaandika maswali yaliyokwama au kukatishwa tu. Ikiwa huoni hata moja, nenda menyu ya "View" ya Event Viewer, washa "Show Analytic and Debug Logs". Chini ya WMI-Activity itatokea "Trace". Bofya kulia, "Enable Log", subiri dakika moja, kisha "Disable Log". Humo tafuta Event ID 11, nayo ina ClientProcessId. Usiisahau ikiwa imewashwa, inaandika kila kitu.

Na tafadhali usizime huduma ya Windows Management Instrumentation kama baadhi ya video zinavyofundisha. Prosesa itashuka kweli, lakini Security Center inaitegemea, na programu kibao zitaanza kutoa makosa ambayo hutajua yametoka wapi.

---

msumari_wa_poti

Naungana na kipimo_kwanza, nami naongeza upande wa modemu maana hapo ndipo chanzo kilipo mara nyingi.

Modemu ya aina hii ikichomekwa haiji kama kifaa kimoja. Windows inaona diski ya CD ya bandia (ndiyo iliyobeba programu ya kusakinisha), modemu yenyewe, na poti za COM mbili au tatu. Poti moja inapiga simu ya data; nyingine inatumiwa na programu kuuliza hali: nguvu ya mawimbi kwa amri ya `AT+CSQ`, jina la mtandao kwa `AT+COPS?`, na kadhalika. Programu iliyoandikwa vizuri inauliza kila baada ya sekunde chache. Iliyoandikwa vibaya inauliza, ikikosa jibu inauliza tena papo hapo bila kusubiri.

Na inakosa jibu lini? Poti ya COM inafunguliwa na programu moja tu kwa wakati mmoja. Programu mbili za modemu zikiwa ndani ya mashine moja, ya kwanza ikishika poti, ya pili inakataliwa, inajaribu tena bila kikomo. Au ile ya zamani inaamka ikisikia USB mpya imeingia, inatafuta modemu ya aina yake kwenye orodha ya vifaa vyote, haipati, inarudia. Mleta mada, umesema uliondoa programu ya modemu ya zamani. Kuondoa kupitia Control Panel mara nyingi kunaacha huduma ya kutafuta masasisho na ya kuchungulia USB. Nenda `services.msc` uangalie kama kuna jina la mtandao ule au la modemu ile.

Kuhusu X: programu nyingi za aina hii zikifungwa kwa X zinajificha karibu na saa. Bofya kulia ikoni yake pale, uchague "Exit". Hapo ndipo inafungwa kweli.

Halafu safisha vifaa mizimu. Device Manager, menyu ya "View", "Show hidden devices". Fungua "Ports (COM & LPT)", "Modems" na "Network adapters". Vilivyofifia rangi ni vifaa vilivyowahi kuchomekwa na havipo sasa. Vile vya modemu ya zamani vifute kwa "Uninstall device", na ukiulizwa kuhusu kufuta draiva weka tiki. Usiguse vyenye jina la "WAN Miniport". Hivyo ni vya Windows na muunganisho wa kupiga simu unavihitaji.

---

bando_la_usiku

Naomba niwape angalizo wasomaji wengine, maana mada hii itafunguliwa na watu wenye dalili tofauti kidogo halafu wakafuata dawa isiyo yao.

Kwanza hiyo "Network reset". Inaondoa kadi zote za mtandao na kuzisakinisha upya, nywila zote za Wi-Fi zinapotea, VPN inapotea, na kama tatizo ni programu iliyo nje ya kadi, litabaki vilevile. Anayelazimika kuifanya atengeneze folda C:\wifi kwanza, kisha:

`netsh wlan export profile key=clear folder=C:\wifi`

Kila mtandao unakuwa faili lake. Nywila humo ziko wazi, kwa hiyo ukishamaliza kuzirudisha futa hilo folda.

Pili, tazama aliyepanda ni nani kabla ya kuchagua dawa.

Kama ni svchost.exe (programu ya Windows inayobeba huduma za ndani), PID yake na ile amri ya tasklist vitakuambia ni huduma gani. Tangu Windows 10 toleo la 1703, mashine yenye RAM zaidi ya GB 3.5 huipa karibu kila huduma svchost yake, hivyo jibu linakuja wazi. Kwenye mashine yenye RAM ndogo huduma kadhaa zinakaa chumba kimoja na hujui nani anapiga kelele. Ipeleke unayoishuku chumba chake, kwa mfano ya Wi-Fi: `sc config WlanSvc type= own`, kisha washa upya. Ile nafasi baada ya alama ya sawasawa ni lazima. Ukimaliza irudishe kwa `type= share`.

Kama ni BITS, DoSvc au wuauserv, na ukurasa wa "Network" kwenye `resmon` (Resource Monitor) unaonyesha data inaingia kwa wingi, hakuna ubovu hapo: ni masasisho ya Windows yanateremka, tena yanakumalizia bando. Fungua Settings, "Network & Internet", ingia kwenye muunganisho wako, washa "Set as metered connection".

Kama ni System interrupts na inakaa juu ya asilimia 5 muda mrefu, tatizo ni draiva au kifaa. Hiyo si programu, ni hesabu ya muda ambao prosesa inakatizwa na vifaa. Pakua LatencyMon, iache dakika kumi, soma ukurasa wa "Drivers". Wengi wakiona ndis.sys juu kabisa wanaanza kuihangaikia. Ndis.sys ni njia ambayo draiva zote za mtandao hupitia, nayo ni mjumbe vilevile. Aliye nyuma yake ni draiva ya kadi, au kichujio kilichoachwa na VPN au antivirusi ya zamani. Vichujio utaviona kwenye PowerShell kwa `Get-NetAdapterBinding`. Ukikuta jina la programu uliyoiondoa siku nyingi, hapo pana kazi.

Na kwa wanaotumia kebo: kuna mwongozo unazunguka kwa wacheza gemu unaosema zima "Interrupt Moderation" kwenye kadi. Fikiria hesabu yake. Kebo ya gigabiti 1 ikijaa, vifurushi (packets, yaani vipande vya data) vya ukubwa wa kawaida vinafika kama 81,000 kwa sekunde. Kadi ikiwa na moderation inavikusanya na kuigutua prosesa mara chache. Ukiizima unaifanya igutuke karibu kwa kila kifurushi. Kwa mashine ya viini viwili hilo ni kosa kubwa. Iwashe.

Mwisho, svchost.exe na WmiPrvSE.exe zina makazi yanayojulikana. Ya kwanza hukaa C:\Windows\System32, ya pili C:\Windows\System32\wbem (na SysWOW64 kwa zile za biti 32). Ukizikuta kwenye AppData au Temp, hilo ni virusi limevaa jina la mtu.

---

taa_ya_kandili

Wakuu, nimefuata hatua moja baada ya nyingine. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Event ID 5858 zimejaa, nyingi zikifuatana kwa sekunde moja au mbili. Zote zina ClientProcessId 6312. Operation inasomeka hivi:

`Start IWbemServices::ExecQuery - root\cimv2 : select * from Win32_PnPEntity`

ResultCode ni 0x80041032. Tasklist inasema 6312 ni faili la .exe lenye huduma yake peke yake, na "Open file location" imenipeleka ndani ya C:\ProgramData, kwenye folda yenye jina la modemu ya zamani. Ile niliyodhani nimeiondoa! Kwenye `services.msc` ipo, "Automatic", inaendelea kufanya kazi.

Device Manager ilikuwa na poti za COM zilizofifia sita na modemu mbili. Poti nimezifuta. Huduma sijaigusa, nasubiri neno lenu.

---

kipimo_kwanza

Huyo ndiye. Swali lake ukilisoma kwa Kiswahili ni "nipe orodha ya kila kifaa kilichomo kwenye mashine hii pamoja na maelezo yake yote". Kuanzia kibodi hadi vipande vya ubao mkuu, vyote vinaorodheshwa, kila sekunde. Hiyo 0x80041032 maana yake aliyeuliza amekatisha kabla ya kusikiliza jibu lote, kisha anauliza upya. Ndiyo maana prosesa haipumui.

Andika jina la huduma kama lilivyo kwenye tasklist, si lile refu la kwenye `services.msc`. Tumia Command Prompt kama msimamizi. Ukitumia PowerShell andika `sc.exe`, maana mle `sc` peke yake ni amri nyingine kabisa inayoandika mafaili.

`sc qc JinaLaHuduma`

Soma mstari wa BINARY_PATH_NAME. Lazima njia iwe ileile ya folda uliyoikuta. Ikilingana:

`sc stop JinaLaHuduma`
`sc config JinaLaHuduma start= disabled`

Usifute leo. Washa mashine upya, unganisha modemu, itumie siku mbili tatu. Prosesa ikitulia na intaneti ikaendelea vizuri, ndipo utoe `sc delete JinaLaHuduma`, kisha ufute folda lake ndani ya ProgramData. Anayefuta mara moja akigundua amekosea huduma, kuirudisha ni kazi; iliyozimwa unairudisha kwa mstari mmoja.

Angalia pia Task Scheduler. Huduma za masasisho hupenda kuacha mlinzi pale wa kuziamsha kila mtu anapoingia.

---

taa_ya_kandili

Nimeizima na kuwasha upya. Modemu imeunganishwa kwa dakika arobaini sasa: WmiPrvSE haionekani kabisa kwenye orodha, prosesa iko 3 hadi 6, feni imenyamaza. Kwenye Task Scheduler kulikuwa na kazi moja yenye jina lilelile, nimeizima.

Swali la mwisho. Kama programu hizi ndizo zenye matatizo, naweza kuunganisha bila programu yoyote ya modemu? Na salio na SMS nitazionaje?

---

msumari_wa_poti

Unaweza, ila kwanza ujue modemu yako ni ya aina gani. Ikiwa imeunganishwa, andika `ipconfig`. Ukiona "Default gateway" ya mtandao wa ndani, kwa mfano 192.168.8.1 au 192.168.0.1, basi modemu inajionyesha kama kadi ya mtandao na ina ukurasa wake. Andika namba hiyo kwenye kivinjari: SMS zimo humo, na modemu nyingi zina sehemu ya USSD ya kuangalia salio. Programu iondoe yote, hupotezi kitu.

Kwa maelezo yako kwamba unaiunganisha kwa programu, na utitiri wa poti za COM, naona yako ni ya kupiga simu (dial-up). Fanya hivi. Device Manager, "Modems", bofya kulia modemu, "Properties", ukurasa wa "Advanced". Kwenye "Extra initialization commands" andika, ukibadilisha neno la mwisho kwa APN (jina la lango la intaneti la mtandao wako) ya laini yako:

`AT+CGDCONT=1,"IP","internet"`

APN isome kwanza kwenye mipangilio ya programu uliyonayo sasa, kabla hujaiondoa. Nukta au herufi moja ikikosewa, itapiga na kukataliwa.

Kisha Control Panel, "Network and Sharing Center", "Set up a new connection or network", "Connect to the Internet", "Dial-up". Namba ya kupiga ni `*99#`. Jina na nywila acha wazi, isipokuwa mtandao wako unazitaka. Muunganisho upe jina fupi, tuseme Modemu. Kuanzia hapo unaunganisha kwa `rasdial Modemu` na kukata kwa `rasdial Modemu /disconnect`. Kata kila mara kabla ya kuchomoa, ili poti ifungwe vizuri. Ukichomoa ikiwa wazi, ukirudisha Windows inaweza kuipa namba nyingine ya COM.

Hasara yake ni hiyo uliyoiuliza: njia hii haina SMS wala salio. Laini itabidi uihamishie kwenye simu kila ukitaka kununua bando. Kama unanunua kila siku, baki na programu ya modemu ya sasa, maana kwa vipimo vyako inakula asilimia 2 tu na haina kosa. Kama unanunua kwa mwezi, hamia kwenye rasdial.

Na ukihamia, fungua Settings, "Devices", "AutoPlay", uizime. Ile CD ya bandia iliyomo ndani ya modemu bado ipo, na mtu mwingine akikaa kwenye mashine akabofya "Run" bila kusoma, programu yote inarudi pamoja na huduma zake.